Duka la umeme la Langoni, Lamu: huuziwi AC kabla ya kuulizwa ni AC ipi

Mtu akiingia duka la vifaa vya umeme mjini Lamu na kusema anataka AC, bado hajasema kitu. Huenda anataka kiyoyozi cha kupoza chumba cha wageni, huenda anataka inveta itakayomgeuzia umeme wa betri uwe kama ule wa soketi, na huenda ametumwa ruta ya intaneti ambayo kwenye boksi lake pameandikwa AC1200 kwa maandishi makubwa kuliko jina la kampuni iliyoitengeneza. Vitu hivyo vitatu havina undugu wowote isipokuwa herufi mbili, na anayenunua kimoja akidhani ni kingine hupoteza fedha, na wakati mwingine huihatarisha nyumba nzima. Duka ninaloliandikia tathmini hii ndilo pekee, miongoni mwa maduka niliyonunua vifaa hapa Lamu na Mombasa, lililoufanya ufafanuzi wa herufi hizo kuwa sehemu ya biashara yake. Kwa sababu hiyo nimeona lastahili kuelezwa kwa urefu, pamoja na kasoro zake.

Duka liko mtaa wa Langoni, ndani ya kichochoro kinachokatana na Usita wa Mui, na ukubwa wake haupiti chumba kimoja na kiukumbi cha nyuma kinachotumika kama karakana. Paneli za sola zimeegemezwa ukutani karibu na mlango, na betri zimepangwa juu ya mbao ili zisiguse sakafu yenye unyevu. Mwenyewe ni fundi mtu mzima ambaye wateja wote, wakubwa kwa wadogo, humwita Ami, naye husaidiwa na vijana wawili. Mimi husimamia nyumba ya wageni huko Mkomani kwa niaba ya mwenyewe anayeishi Nairobi. Ni nyumba ya kale ya mawe ya matumbawe, na mahitaji yake yalikuwa kupoza chumba kimoja cha juu, kuwa na umeme wa akiba stima inapokatika, na kuwapatia wageni intaneti inayofika hadi orofa ya juu. Mahitaji yote matatu, ukiyasoma kwenye maboksi, yanaitwa AC.

Nilipomsomea Ami orodha yangu hakuinuka kwenda kwenye rafu. Aliniuliza, "Ya ukutani, ya wayani, au ya hewani?" Nimemsikia akimuuliza kila mteja swali hilo, hata mafundi wenzake. Ya ukutani ni kiyoyozi, kwa kuwa hutundikwa ukutani. Ya wayani ni aina ya umeme unaopita katika waya. Ya hewani ni waifai. Swali linachukua muda mfupi mno, na nadhani hakuna jambo jingine dukani humo lililowaokolea watu fedha nyingi zaidi.

Ya wayani ndiyo iliyochukua muda mrefu zaidi kuzungumzwa, na ndiyo ambayo duka hili huieleza vizuri kuliko zote. AC kwa maana hii ni mkondo geu, yaani umeme unaokwenda na kurudi ndani ya waya badala ya kusukumwa upande mmoja tu. Hapa Kenya soketi ya nyumbani hutoa volti 240 kwa mizunguko 50 kila sekunde, na kwa kuwa kila mzunguko una kwenda na kurudi, mkondo hubadilisha mwelekeo mara 100 katika sekunde moja. Paneli ya sola na betri hazifanyi hivyo. Hizo hutoa mkondo mnyoofu, ambao huitwa DC, na kazi ya inveta ni kuuchukua huo mnyoofu na kuufanya geu ili taa, feni na friji zilizotengenezwa kwa ajili ya soketi zipate kufanya kazi.

Ami hakuridhika na maneno. Alichukua mita yake, akazungusha kitufe hadi penye V yenye kiwimbi pembeni, akatia ncha mbili katika soketi ya ukutani, na mita ikasoma 238. Akazichomoa, akazungusha kitufe hadi penye V yenye mstari ulionyooka na vistari vifupi chini yake, kisha akazirudisha ncha katika soketi ile ile. Mita ikaonyesha sufuri, tarakimu ya mwisho ikichezacheza tu. "Stima imekatika?" akaniuliza, na juu ya vichwa vyetu feni ilikuwa ikizunguka kama kawaida. Mita iliyowekwa upande wa mkondo mnyoofu hutafuta wastani, na wastani wa kitu kinachokwenda mbele na kurudi nyuma kwa kiasi kile kile ni sufuri. Mtu asiyejua maana ya kiwimbi kile angeamini kwamba soketi imekufa, na angeweza kuigusa. Mafundi wengi wamewahi kuja kurekebisha nyumba ninayoisimamia, na hakuna aliyewahi kunionyesha jambo hilo. (Naomba msomaji asilijaribu bila ya fundi kuwa kando yake.)

Nilimuuliza kwa nini basi soketi zisitoe mkondo mnyoofu kama betri, mambo yakawa sahali. Jibu lake lilikuwa transfoma. Kituo cha Thomas Edison kilichofunguliwa mtaa wa Pearl huko New York mwaka 1882 kilitoa mkondo mnyoofu, na kiliweza kuwahudumia watu wa karibu tu, kwa sababu umeme wa volti ndogo hupotea njiani ukigeuka joto ndani ya nyaya. Mkondo geu huweza kupandishwa volti kwa transfoma, ukasafirishwa mbali bila kupungua sana, kisha ukashushwa unakokwenda kutumika, na transfoma haifanyi kazi ila kwa mkondo unaobadilikabadilika. Kampuni ya George Westinghouse, ikitumia pia uvumbuzi wa Nikola Tesla, ilishika njia hiyo, na mwaka 1896 umeme wa maporomoko ya Niagara ukafika mji wa Buffalo. Lamu imeuona umeme wa karibu na umeme wa mbali kwa macho yake: zamani mji huu uliangazwa na jenereta za dizeli zilizokuwa hapa hapa, na sasa umeme huja kwa laini ya volti 220,000 inayotoka Rabai kupitia Malindi na Garsen. Bila mkondo geu laini hiyo isingejengwa kwa namna ilivyo. Nimelieleza jambo hili kwa sababu lilinisaidia kuelewa ni kwa nini nyumba yenye sola ina umeme wa aina mbili ndani yake, mmoja darini na mwingine kwenye soketi, na kwa nini vifaa vya mmoja visiwekwe kwa mwingine.

Hapo ndipo penye hatari kubwa, nayo ni breka, yaani swichi inayojikata yenyewe umeme unapozidi. Breka ya AC na breka ya DC hufanana kwa umbo, rangi na upana, na ya AC hupatikana kwa urahisi zaidi madukani, kwa hiyo wauzaji wengi humpa mteja iliyopo. Swichi yoyote inapofunguka huku umeme ukipita, cheche huruka baina ya vipande viwili vya chuma vinavyoachana. Mkondo geu hupita kwenye sufuri mara 100 kila sekunde, kwa hiyo cheche hukosa nguvu na kuzimika mara moja. Mkondo mnyoofu haupiti kwenye sufuri hata mara moja. Cheche yake hujinyoosha na kuendelea kuwaka, na breka isiyotengenezwa kuizima huyeyuka. Jirani yangu mmoja aliuziwa breka ya AC kwa ajili ya paneli za darini, na siku alipoizima ili asafishe paneli, plastiki ikaanza kuungua mkononi mwake. Bahati ilikuwa mbao za karibu zilikuwa zimelowa mvua. Katika mji wenye vichochoro vyembamba hivi, ambapo moto wa nyumba moja ni moto wa mtaa, muuzaji anayetoa breka bila kuuliza ni ya upande gani anafanya jambo zito kuliko anavyodhani.

Duka la Langoni limeweka breka hizo katika masanduku mawili yaliyo mbali, na kwenye la DC pamebandikwa kadi ya mkono: "Za paneli na betri tu. Tazama chanya na hasi." Ilani hiyo ya pili ni muhimu pia, kwa kuwa baadhi ya breka za DC zina upande wa chanya na upande wa hasi, na ukizifunga kinyume haziwezi kuzima cheche ipasavyo. Kadi ndogo kama hiyo sijaiona dukani kwingine.

Sasa nije kwenye kiyoyozi, ambacho ndicho kilichonipeleka huko kwanza. Mashine hii ilibuniwa na Mmarekani Willis Carrier mwaka 1902 kwa ajili ya kiwanda cha uchapishaji cha Brooklyn, na shida aliyotakiwa kuitatua haikuwa joto la wafanyakazi bali unyevu wa hewa, uliokuwa ukizifanya karatasi zitanuke na kusinyaa hata rangi za picha zikakosa kukutana. Nalitaja hilo kwa sababu katika Lamu unyevu ndio adui mkubwa kuliko nyuzi za joto zenyewe, na Ami alinipimia kiyoyozi kwa kufikiria unyevu: aliuliza chumba kina madirisha mangapi, kama dari ni ya boriti zilizo wazi, na kama wageni hulala milango wazi. Akanishauri cha BTU 9,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza), kinachotoa ubaridi wa karibu kilowati 2.6, badala ya cha 12,000 nilichokuwa nimekitaka, kwa maelezo kwamba mashine iliyozidi chumba hupoza haraka ikajizima kabla haijaukausha unyevu, na mgeni hubaki na baridi yenye majimaji. Ushauri huo ulimpunguzia mauzo, na chumba sasa ni kikavu na cha kupendeza.

Lakini kwenye kiyoyozi ndiko herufi hizi hufanya fujo kubwa kabisa. Boksi moja limeandikwa Inverter AC. Boksi lililo rafu ya pili limeandikwa AC Inverter. La kwanza ni kiyoyozi. La pili ni kifaa cha kugeuza umeme wa betri. Nilikuwapo dukani alipofika bwana mmoja mwenye nyumba ya wageni Shela, fedha mkononi, akitaka viyoyozi viwili vya Inverter AC, kwa imani kwamba vina inveta ndani na kwa hiyo angeviunganisha moja kwa moja na paneli zake akaachana na bili ya umeme. Muuzaji mwingine angefunga mzigo na kumtakia safari njema. Ami alimkalisha.

Alimweleza kwamba kiyoyozi cha namna hiyo kina inveta kweli, ila inveta yake ina kazi nyingine. Huupokea mkondo geu wa soketi, huunyoosha kuwa DC, kisha huufanya geu tena kwa mizunguko inayoweza kuongezwa na kupunguzwa, ili mota ya kompresa, ile pampu inayosukuma gesi ya kupoza, izunguke kasi chumba kikiwa na joto na izunguke polepole chumba kikishapoa. Kiyoyozi cha kawaida hakina uwezo huo: huwaka kwa nguvu zote au huzima kabisa, na kila kinapowaka hunyakua umeme mwingi kwa ghafla, kiasi cha kuzizimisha inveta nyingi za sola. Kwa hiyo kiyoyozi chenye inveta kinafaa zaidi katika nyumba yenye sola, kwa kuwa huanza taratibu na hula kidogo; hata hivyo bado kinahitaji kulishwa volti 240 za mkondo geu, na hizo lazima zitoke soketini au zitoke kwenye ile AC Inverter ya rafu ya pili.

Kisha akachukua kalamu akamfanyia hesabu nyuma ya boksi tupu. Kiyoyozi cha BTU 9,000 kikifanya kazi kwa nguvu zote hula wati 800 hivi. Inveta nayo hupoteza sehemu ya umeme unaopita ndani yake, kwa hiyo betri hutoa karibu wati 890. Betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 200 ina wati-saa 2,400, na haifai kutumiwa zaidi ya nusu ukitaka idumu. Zinabaki 1,200, ambazo ni saa moja na robo na kitu. Aliongeza kwamba kutoka kwenye betri ya volti 12 wati hizo zinahitaji waya wa kubeba zaidi ya ampea 70, ilhali upande wa volti 240 hazifiki hata ampea 4, na hiyo ndiyo sababu ya nyaya nene za betri ambazo wateja hupenda kuzibania bei. Betri za lithiamu huruhusu kutumiwa zaidi ya nusu, nazo bei yake ni ya juu. Bwana yule alisikiliza, akashukuru, akaondoka bila kununua, akisema atarudi akishahesabu paneli zake. Duka lilipoteza mauzo makubwa asubuhi ile, na sikuona uso wa Ami ukibadilika.

Kuna hata viyoyozi vinavyotumia mkondo mnyoofu moja kwa moja, ambavyo kwa herufi hizi ni AC ya DC. Duka halina vya aina hiyo, ila huviagiza.

Kuhusu ubora wa inveta yenyewe nitasema kwa ufupi. Duka huuza za wimbi safi tu, zile ambazo mkondo wake hupanda na kushuka kwa mpindo kama wa stima, na limeacha kuuza zile za bei nafuu ambazo wimbi lake hukatwa kwa ngazi. Kompresa za friji na viyoyozi hupata joto zikilishwa wimbi la ngazi, na feni huvuma. Ninayoitumia haina mvumo wowote.

AC ya hewani ina hadithi yake. Viwango vya waifai hutolewa na taasisi ya wahandisi ya IEEE chini ya namba 802.11, na kila nyongeza hupewa herufi kwa mpangilio wa alfabeti: a, b, g, n, na kadhalika. Herufi zilipofika z, wakaanza upya kwa mbili mbili. Kiwango cha ac, kilichopitishwa Desemba 2013, kilipata jina hilo kwa zamu tu. Herufi zake si kifupi cha maneno yoyote. Mwaka 2018 muungano wa watengenezaji wa waifai wenyewe uliona wanunuzi wanachanganyikiwa, ukaamua kiwango hicho kiitwe Wi-Fi 5 na kilichofuata kiitwe Wi-Fi 6. Hata hivyo maboksi ya AC1200 yangali tele madukani, na namba 1200 humtia mtu hofu kwamba ruta itakula wati 1,200 kama pasi ya nguo. Hiyo ni jumla ya kasi mbili za juu kabisa, megabiti 300 kwa sekunde katika masafa ya gigahezi 2.4 na megabiti 867 katika masafa ya gigahezi 5, kasi ambazo hakuna atakayezipata nyumbani. Ruta yangu yenyewe haitumii hata AC ya wayani: kiadapta chake hupokea volti 240 za mkondo geu na kutoa volti 12 za mkondo mnyoofu, ampea moja.

Kutokana na hilo la mwisho Ami alinipa pendekezo ambalo sikulitarajia. Badala ya kuugeuza umeme wa betri uwe AC kwa inveta, kisha kiadapta kiurudishe kuwa DC, aliifunga ruta kwenye betri moja kwa moja kupitia kidhibiti kidogo cha volti. Kidhibiti ni cha lazima, kwa sababu betri ya volti 12 inapochajiwa hupanda hadi volti 14 na zaidi, na ruta haijaumbiwa hizo. Tangu hapo stima hukatika na wageni hawajui. Vilevile aliniambia bila kufichaficha kwamba masafa ya gigahezi 5, ambayo ndiyo fahari ya waifai ya ac, hayapenyi vizuri kuta nene za matumbawe, na kwamba nisinunue ruta ya AC1900 kwa kutumaini kuwa namba kubwa itazipenya. Alivuta kebo ya mtandao hadi juu kupitia tundu la zamani la waya wa taa, akaweka kirushio cha pili cha waifai. Ukuta haukutobolewa hata mahali pamoja, jambo ninalolithamini sana katika mji mkongwe ulioingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001.

Siku moja nilifuatana na mpwa wangu, mwanafunzi wa sekondari, naye akamuuliza Ami kwa nini hataji AC ya nne. Kwake yeye Ac ni aktini, elementi ya 89, iliyotambuliwa na Mfaransa André-Louis Debierne mwaka 1899, na ambayo mnururisho wake huifanya ing'ae kwa mwanga wa samawati gizani. Mazungumzo yakapanuka kwenye baraza. Mtu wa hali ya hewa akiandika Ac anakusudia mawingu ya altokumulasi, yale ya kimo cha kati yanayotanda vipande vipande kama sufi iliyochambuliwa. Mfamasia akiandika ac kwenye bahasha ya dawa, anakusudia maneno mawili ya Kilatini yenye maana ya kabla ya chakula, na pc ni baada ya chakula. Mpima ardhi huifanya ac kuwa ekari. Tukagundua kwamba wanasayansi hawakuzembea: wametofautisha kwa herufi kubwa na ndogo, na kwao Ac, AC na ac si kitu kimoja. Wanaovuruga ni wachapishaji wa maboksi, ambao huandika kila kitu kwa herufi kubwa ili kionekane kutoka mbali. Kiwango cha waifai kiliandikwa kwa herufi ndogo katika hati yake. Ni boksi ndilo lililokipandisha cheo kikafanana na umeme. Tangu siku ile nimeacha kuamini maandishi ya mbele ya boksi, na nasoma kibati cha nyuma, penye kiwimbi au mstari ulionyooka, volti na ampea. Kibati hakina sababu ya kumpendeza mtu.

Kasoro za duka zipo, na si ndogo. Kubwa ni kwamba elimu yote hiyo imo kinywani mwa Ami na haijafika kwenye karatasi zake. Hati ya makadirio niliyopewa ilikuwa na mistari mitatu iliyoandikwa AC, nyaya za AC na breka AC, bila neno zaidi, na mwenye nyumba aliyeko Nairobi alinipigia simu kuuliza kwa nini ananunuliwa viyoyozi vitatu. Niliirudisha, ikaandikwa upya kwa maneno kamili siku iyo hiyo bila malalamiko. Lakini duka linaloujua mtego huo vizuri kiasi hiki halikupaswa kuuweka kwenye hati yake lenyewe. Wale vijana wawili ni wachangamfu na wenye adabu, ila Ami anapokuwa kazini Matondoni au Shela hawaulizi lile swali la kwanza. Nilimwona mmoja akimpa mteja breka kwa kutazama ukubwa wa ampea tu. Nilipomtanabahisha alisema, "Samahani, khalati," akaibadilisha haraka, lakini kama nisingekuwapo?

Bei zimezidi za Mombasa. Sehemu ya ongezeko hilo naielewa, kwa kuwa kila betri hushushwa Mokowe, huvuka kwa boti, kisha hupanda mikokoteni au migongo ya punda hadi mlangoni, na duka halimtozi mteja wa mjini usafiri wa mwisho. Ninachokilalamikia ni kwamba bei hazibandikwi kwenye bidhaa, hivyo mgeni wa duka hulazimika kuuliza kimoja kimoja. Dhamana huandikwa kwa kalamu kwenye risiti. Imeheshimiwa pale feni ya inveta ilipoanza kukwaruza, ambapo waliibadilisha yote, si feni peke yake.

Jambo jingine ni chumvi ya bahari. Sehemu ya nje ya kiyoyozi ina mapezi ya alumini na mirija ya shaba ambayo hewa ya pwani huila, na Ami alisisitiza iwekwe darini upande usiopigwa na upepo wa kusi, isafishwe kwa maji baridi mara kwa mara, na isionekane kutoka njiani. Ameifunga vizuri, na nyuma ya ukingo wa dari haionekani kabisa. Vibano visivyoshika kutu, hata hivyo, havikuwapo dukani, na katika mji wa kisiwa vingepaswa kuwa ndiyo bidhaa ya kwanza.

Nalipa duka hili nyota nne kati ya tano. Anayetaka kwenda aende asubuhi mapema Ami akiwepo, achukue orodha ya vifaa vyake pamoja na wati zilizoandikwa nyuma ya kila kimoja, na adai hati ya makadirio yenye maneno kamili: kiyoyozi, mkondo geu, waifai. Vibano vyangu vipya vinangojewa kutoka Mombasa. Kwa sasa kiyoyozi kimeshikwa na vya chuma cha kawaida vilivyopakwa rangi mara mbili, na kwenye risiti Ami ameandika kwamba vikifika atavibadilisha bila malipo.